Shule ya Chini ya Mti: Kumbukumbu ya Shule za Misheni Gitega na Muyinga



Kamati ilipopanga toleo hili la kumbukumbu, wengi walitaka tuandike habari za vita, na wengine habari za safari ya kuja huku. Hayo yamekwisha kuandikwa na yataandikwa tena. Sisi tuliopewa kurasa hizi tumechagua shule. Sababu yake si ngumu. Wasikilizeni wazee wa Gitega na wazee wa Muyinga wanapofahamiana kwenye foleni ya maji. Swali la kwanza ni kilima cha kuzaliwa. Swali la pili, kabla hata ya kuulizana mwaka wa kukimbia, ni hili: ulisomea wapi? Na jibu, mara nyingi, ni jina la misheni.

Kwa ajili ya ndugu wa mashirika wasioijua nchi yetu, Gitega iko katikati kabisa ya Burundi, na tangu mwanzo wa mwaka 2019 ndiyo makao makuu ya kisiasa ya nchi. Muyinga iko kaskazini-mashariki, inapakana na Tanzania, na mpaka wake wa Kobero wengi wetu tunaujua kwa miguu. Katika mpango mpya wa mikoa mitano ulioanza mwaka 2025, mkoa wa Muyinga uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi ukawa mkoa wa Buhumuza. Lakini jimbo la Kanisa bado linaitwa Muyinga, na sisi tutaendelea kusema Muyinga.

Tuseme mapema tunachokiamini, ili msomaji asitutafute katikati ya maneno. Majengo ya matofali mekundu ya misheni yanasifiwa sana, na yanastahili. Hata hivyo, shule iliyogusa nyumba nyingi zaidi vilimani kwetu ilikuwa ile isiyokuwa na jengo la maana: kibanda cha katekista, kivuli cha mti, ubao mmoja. Ndiyo iliyodharauliwa, ndiyo iliyopigwa marufuku, na ndiyo tuliyovuka nayo mpaka.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walijaribu kwanza kukaa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Mwaka 1881 watatu kati yao waliuawa, na kazi ikasimama. Waliporudi walipitia mashariki. Misheni ya Muyaga ilifunguliwa mwaka 1898, na ile ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Upande wa Muyinga misheni mama ni Rugari, iliyofunguliwa mwaka 1909. Padre Van der Burgt alitoa kamusi yake ya Kifaransa na Kirundi mwaka 1903, na kutoka kazi za namna hiyo ndipo Kirundi kilipoanza kuandikwa ubaoni.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Wajerumani, waliojenga boma lao Gitega mwaka 1912, walipenda Kiswahili. Kilikuwa lugha ya askari wao, ya makarani wao na ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Mapadre hawakukipenda. Waliona kwamba Kiswahili kinakuja na Uislamu mkononi, kwa hiyo wakashika Kirundi na kukifundisha kwa bidii. Matokeo yake yalikuwa mawili. Mtoto wa kilimani alijifunza kusoma kwa lugha ya mama yake, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zilichelewa kulifanya, na tunawashukuru mapadre kwa hilo. Lakini mtoto wa mtaa wa Waswahili, pale Gitega au pale Muyinga, alibaki pembeni. Baba yake aliogopa kwamba akimpeleka shule atarudi amebatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa shule na mafundisho ya ubatizo vilikuwa kitu kimoja. Ndugu zetu Waislamu waliachwa nyuma kielimu kwa miaka mingi, na historia ya shule za misheni isiyosema hivyo ni nusu ya historia.

Wabelgiji waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali yao haikutaka gharama ya kujenga shule nyingi. Ilipatana na misheni: misheni zifundishe, serikali itoe ruzuku. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mpango huo ulienea, na kwa muda mrefu kusema shule ilikuwa kama kusema misheni. Seminari ndogo ya Mugera ilianza mwaka 1926. Masista wa Bene Tereziya, shirika la wazalendo lililozaliwa wakati wa Askofu Gorju, waliingia madarasani na kufundisha wasichana. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, alisoma shule za Kikatoliki za Bukeye, Kanyinya na Gitega kabla ya kwenda Groupe Scolaire ya Astrida, ambayo leo iko Butare nchini Rwanda. Gitega ikawa Jimbo Kuu mwaka 1959. Muyinga ilikatwa kutoka jimbo la Ngozi ikawa jimbo kamili mwaka 1968.

Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye vitabu vya jubilei. Yasiyoandikwa sana ni mlango ulivyokuwa mwembamba. Astrida ilitafuta kwanza wana wa machifu, Baganwa na Watutsi, ili wawe makarani na machifu wa kesho. Seminari nayo ilichukua wachache. Mtoto wa mkulima wa kawaida, awe Mhutu, Mtutsi au Mtwa, alisoma miaka miwili au mitatu akarudi shambani. Msichana alirudi mapema zaidi. Na Mtwa, tuseme ukweli, mara nyingi hakuitwa kabisa.

Ndipo tunapofika kwenye shule ya chini ya mti. Wakubwa miongoni mwetu wataitambua kwa jina lake: Yaga Mukama, yaani Sema Bwana. Jina limetoka katika habari ya kijana Samweli aliyeitwa usiku hekaluni. Shule hizo zilikuwa za parokia, na katekista ndiye aliyekuwa mwalimu. Alilipwa kidogo sana, au hakulipwa. Watu walimsaidia kulima. Mtoto aliyekosa nafasi katika shule ya serikali alikwenda Yaga Mukama siku chache za wiki, akajifunza herufi za Kirundi, hesabu kidogo, sala na mafundisho ya dini. Hakupewa Kifaransa wala cheti cha kumpeleka mbele. Alipata kusoma na kuandika.

Watu wa mjini waliicheka. Walisema ni shule ya maskini, na kweli ilikuwa ya maskini. Mtoto aliandika kwenye kibao, akafuta kwa kiganja. Mvua ikinyesha, masomo yameisha. Lakini hesabu ndugu zako waliozaliwa miaka ya 1950, 1960 na 1970 vilimani: ni wangapi waliopita darasa la sita la serikali, na ni wangapi wanaosoma barua na kitabu cha nyimbo kwa sababu ya katekista? Katika kamati yetu tumefanya hesabu hiyo kwa midomo tu, bila karatasi, na Yaga Mukama imeshinda.

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa kuwatafuta waliosoma. Baada ya uasi ulioanza kusini mwezi wa Aprili na kuua Watutsi wengi, serikali ya Micombero iliwageukia Wahutu, na wa kwanza kukamatwa walikuwa walimu, wanafunzi wa sekondari, makarani, mapadre na makatekista. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Gitega aliuawa Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, mwezi wa Mei. Melchior Ndadaye, aliyekuwa akisoma shule ya ualimu ya Gitega, alikimbilia Rwanda na kumalizia masomo yake Butare. Mwezi wa Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba katika makaburi ya pamoja ya Karuzi, kati ya Gitega na Muyinga, imepatikana miili ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Miwani na rozari: ndugu wasomaji, ni nani vilimani mwaka 1972 aliyekuwa na miwani?

Tangu hapo jambo liliingia vichwani mwa wazazi ambalo halikutoka upesi. Katika nyumba nyingi za Wahutu mama alisema: usisome sana, waliosoma waliitwa majina wakapanda lori. Wale waliokwenda Tanzania waliwekwa Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Walipopewa nafasi ya kuchagua, karibu 162,000 wakapata uraia wa Tanzania mwaka 2014, na zaidi ya 50,000 walikuwa wamerudi Burundi. Waliorudi walikuta shule ya Kifaransa, wakakaa darasani na watoto wadogo kuliko wao. Hata hivyo, Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kilekile kilichoogopwa na misheni kimekuwa somo katika shule za nchi nzima, za Kikatoliki zikiwemo. Wazee wa mtaa wa Waswahili wana haki ya kutabasamu.

Turudi nyuma kidogo. Serikali ya Bagaza, iliyoingia mwaka 1976, iligombana na Kanisa kwa muda mrefu. Mamia ya wamisionari walifukuzwa au kunyimwa vibali. Ibada za siku za kazi zikabanwa. Mwaka 1986 seminari ndogo zikataifishwa, jumuiya ndogondogo zikakatazwa kukutana, na Yaga Mukama zikafungwa. Zamani tulidhani sababu ilikuwa chuki ya dini tu. Leo tunafikiri kulikuwa na zaidi. Serikali ilitaka kuwa mwalimu peke yake. Ilikuwa imeongeza madarasa, imeanzisha masomo ya zamu asubuhi na mchana, na hilo lilikuwa jema. Lakini haikupenda kuona kwamba kila kilima kina mtu anayekusanya watu, anayeaminiwa, anayejua kusoma, wala hakuteuliwa na chama. Katekista alikuwa mtu wa namna hiyo.

Basi, watu walifanya nini? Hawakuandamana. Mwanamke aliyekuwa amejifunza herufi alimfundisha mtoto wa jirani jikoni, na kwa njia hiyo shule iliyokatazwa iliendelea bila jina. Tarehe 3 Septemba 1987 Buyoya alichukua madaraka, na masharti mengi juu ya Kanisa yakaondolewa. Seminari zikarudishwa. Baadaye shule nyingi za Kikatoliki ziliendeshwa kwa mapatano na serikali: serikali inalipa walimu na kutoa mitihani, Kanisa linasimamia nidhamu na malezi. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Gitega mwezi wa Septemba 1990, wengi wetu tulikuwa pale mlimani Songa au tulikuwa na ndugu pale.

Amani hiyo haikudumu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka. Shule haikuwa ngome. Lazima tulisema hili kwa sababu kati yetu wapo waliofiwa kwa pande zote mbili. Pale Kibimba, katika mkoa wa Gitega, kwenye shule ya Waquaker, wanafunzi Watutsi walichukuliwa wakateketezwa kwa moto. Jeshi nalo liliua Wahutu vilimani, hata wasiojua habari yoyote. Mwezi wa Julai 1996 wakimbizi wa ndani zaidi ya mia tatu, Watutsi, waliuawa Bugendana. Mhashamu Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliwazika, akawakemea wauaji wa kila upande, na tarehe 9 Septemba mwaka uleule naye akaviziwa barabarani akauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta kule Bururi, vijana 40 waliuawa. Waliambiwa watengane, Wahutu huku na Watutsi kule, walikataa. Si Gitega wala Muyinga, lakini hakuna mwanafunzi wa seminari ya Mugera asiyeijua habari ya Buta, na kesi ya kuwatangaza wenye heri, pamoja na Padre Kayoya, ilifunguliwa mwaka 2019.

Watu wa Muyinga walivuka Kobero mwaka 1993 na miaka iliyofuata, wakafika Ngara, na wengi wakaishia Lukole. Wa Gitega walitawanyika zaidi, wengine Kibondo, wengine Kasulu. Na hapa tunataka ndugu wa mashirika wasikie vizuri, kwa heshima. Shule ya kwanza ya kambini haikuletwa na gari. Kabla ya turubai la darasa kufika, makatekista na walimu waliovuka walikwisha kuwakusanya watoto chini ya miti na kuandika herufi kwa mkaa juu ya vipande vya maboksi ya misaada. Ilikuwa Yaga Mukama ileile. Baadaye yalikuja madaftari, chaki, semina za walimu, na Radio Kwizera iliyoanza Ngara mwaka 1995. Vyote vilikuwa vya msaada mkubwa na hatuvidharau. Tunachosema ni kwamba vilikuta kazi imeanza.

Kazi hiyo ilikatika pia. Mtabila, kambi ya mwisho ya Warundi wa miaka ya 1990, ilifungwa mwezi wa Desemba 2012, lakini shule zake zilifungwa kabla ya kambi. Watoto walikaa bila masomo rasmi. Waliokuwa na miaka kumi wakati ule ni wazazi leo, na wengine walikimbia tena baada ya mwaka 2015. Wakija kwenye mikutano ya wazazi hawaongei sana. Tunajua kwa nini.

Nyumbani nako mambo yalikwenda. Mwaka 2005 karo ya shule ya msingi iliondolewa, na watoto wakajaa mpaka wakakaa sakafuni. Mwaka 2013 ulianza mpango wa shule ya msingi ya miaka tisa. Kanisa na serikali viliandikiana mkataba mwaka 2012. Na Muyinga mwaka huohuo kilijengwa kitu ambacho tungependa watoto wetu wakione: maktaba ya shirika la maendeleo la jimbo, ODEDIM, iliyokusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake walitoka Ubelgiji, lakini vifaa vilitoka palepale. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, boriti ni za mikaratusi, vigae ni vya udongo wa Muyinga. Juu ya sehemu ya watoto umetandikwa wavu mkubwa wa kamba za katani, kama kitanda kilichoning'inizwa, nao hulala humo wakisoma. Tunaipenda habari hiyo kwa sababu moja zaidi. Viziwi hawakuwa na nafasi katika Astrida, wala seminarini, wala chini ya mti wa katekista, kwa sababu masomo yote yalikuwa ya kuitikia kwa sauti.

Hapa kambini watoto wetu wanafuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba Kiswahili kingefaa zaidi, na wapo wanaosema bila Kifaransa mtoto atarudi nyumbani kuwa mgeni. Kamati haijakubaliana, na hatutajifanya tumekubaliana. Jambo lisilo na ubishi ni karatasi. Mtoto anayerudi bila karatasi ya darasa alilofikia anarudishwa nyuma, na mzee aliyefundisha miaka ishirini bila barua yoyote hawezi kuonyesha kwamba alifundisha.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Mwenye cheti cha shule, cha ubatizo au kitabu cha maendeleo kutoka shule yoyote ya Gitega au Muyinga, hata kikiwa kimechanika, akilete ofisi ya kamati Jumanne au Alhamisi asubuhi kinakiliwe. Atarudishiwa siku hiyohiyo. Waliofundisha Yaga Mukama, wanaume kwa wanawake, wa parokia yoyote, waje waandikishe majina, kilima na miaka waliyofundisha. Asiyeweza kutembea atutumie mjukuu, nasi tutamfuata nyumbani. Mpaka tunaandika haya daftari lina majina kumi na tisa, na kumi na moja kati yao ni ya wanawake.